Nimeandika Fomula, Nimekwama: Mwalimu wa Fizikia na Hisabati Anajibu

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na nyingi kati yake zinauliza jambo moja: "Mwalimu, hapa natumia fomula ipi?" Nitajibu, ila mjue kwanza ninavyozisoma. Mtu akinitumia swali tupu, sijui nianzie wapi kumsaidia. Akinitumia swali pamoja na mistari mitatu aliyojaribu, hata kama yote ina makosa, naona palepale alipoteleza. Darasani kwangu hapa Korogwe tuna desturi: kabla ya kuandika chochote, kalamu chini, mwanafunzi anieleze kwa mdomo kinachotokea kwenye swali. Nani anasogea? Anatoka wapi? Nini kinamvuta? Wengi hugundua kwamba walishaanza kukokotoa jambo ambalo hawajaliona. Mnafundishwa kwa Kiingereza na kuniandikia kwa Kiswahili. Endeleeni hivyohivyo, ninawasoma vizuri.

Basi lilikwenda kwa kilomita 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Tuliulizwa wastani wa mwendo. Nilijumlisha nikagawa kwa mbili, nikapata 50. Kitabu kinasema 48. Kitabu kimekosea? – Kidato cha kwanza, Morogoro

Kitabu kiko sahihi, mwanangu, na nimefurahi umekibishia kwa hesabu.

Wastani wa mwendo ni umbali wote ukigawanywa kwa muda wote. Umbali haukutajwa, ndiyo maana ukaona huna pa kushika ila zile namba mbili. Basi chagua umbali wowote unaokurahisishia. Tuseme kilomita 120. Kwenda, basi lilitumia saa 2. Kurudi, saa 3. Jumla limekwenda kilomita 240 kwa saa 5, na 240 kugawanya kwa 5 ni 48. Una wasiwasi kwamba umbali wangu ndio umeleta hiyo 48? Chukua kilomita 240: saa 4 kwenda, saa 6 kurudi, kilomita 480 kwa saa 10. Ni ileile.

Tazama muda. Basi lilikaa saa nyingi zaidi kwenye mwendo mdogo kuliko kwenye mwendo mkubwa, kwa hiyo wastani unavutwa kuelekea 40. Ile 50 yako ingekuwa sahihi kama lingekwenda saa sawa kwa kila mwendo.

Shikamoo Mwalimu. Mpira ukirushwa juu wima, ukifika kileleni unasimama. Nikaandika mwendo ni sifuri na mchapuko ni sifuri. Nikapewa nusu ya alama. Mwalimu wetu alisema mchapuko ni 10, lakini kengele ikalia kabla hajaeleza. Kitu kilichosimama kinawezaje kuwa na mchapuko? – Kidato cha tatu, Songea

Marahaba. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote ya kidato cha tatu, na nitakaa nalo kidogo.

Turushe mpira juu kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, tuache habari ya upepo. Baada ya sekunde 1 unapanda kwa mita 10 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2 mwendo ni sifuri. Baada ya sekunde 3 unashuka kwa mita 10 kwa sekunde. Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo hubadilika kila sekunde. Umeona jinsi kila sekunde inavyoondoa 10, bila kuruka hata moja?

Sasa tukisogelee kilele chenyewe. Sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kilele, mpira unapanda kwa mita 1 kwa sekunde. Sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kilele, unashuka kwa mita 1 kwa sekunde. Kutoka kupanda 1 hadi kushuka 1, mwendo umebadilika kwa 2. Muda uliopita ni 0.2 ya sekunde. Gawanya 2 kwa 0.2: unapata 10, kuelekea chini, na kilele kiko katikati kabisa ya muda huo.

Ukitaka kulijaribu kwa njia nyingine, chukulia jibu lako ndilo la kweli. Mpira uko juu, mwendo wake ni sifuri, na mchapuko ni sifuri, yaani hakuna kinachoubadilisha ule mwendo. Basi mpira ungebaki hukohuko hewani! Unarudi chini kwa sababu Dunia haikuacha kuuvuta hata nukta moja. Inauvuta ukipanda, inauvuta ukiwa kileleni, inauvuta ukishuka, kwa kani ileile.

Umeniambia pia kwamba kwenye mchoro wako uliweka mshale wa kuelekea juu, ukauita kani ya mkono. Ufute. Mkono uliachia mpira kule chini, na mkono ambao haugusi mpira hauwezi kuusukuma. Ukitaka kuonyesha kwamba mpira unapanda, chora mshale wa mwendo pembeni, kwa rangi nyingine, usiuchanganye na mishale ya kani. Na usijione mjinga kwa kufikiri hivyo. Katika karne ya 14 Jean Buridan wa Paris, msomi mkubwa wa wakati wake, alifundisha kwamba kitu kilichorushwa hubeba ndani yake msukumo aliokitia mrushaji, na msukumo huo ndio unaokipeleka. Wazo hilo lilidumu kwa muda mrefu, hadi kazi za Galileo na Newton katika karne ya 17 zikaliondoa. Macho yanalipenda wazo hilo hadi leo, na ndiyo maana inabidi tuchore.

Newton anasema punda akivuta mkokoteni, mkokoteni nao unamvuta punda kwa kani hiyohiyo kuelekea nyuma. Kani mbili sawa zinazopingana hufutana. Mbona mikokoteni inakwenda? Niliuliza wenzangu, wakasema punda anavuta zaidi. – Kidato cha tatu, Kibaigwa

Wenzako wamekosea, ila wewe bado hujafika. Punda havuti zaidi. Kani hizo mbili ni sawa kabisa, siku zote, mkokoteni ukisimama au ukienda. Lakini hazifutani, kwa sababu kila moja inafanya kazi kwenye mwili wake: moja iko juu ya mkokoteni, nyingine iko juu ya punda. Kani hufutana zikiwa juu ya kitu kimoja.

Chora picha mbili, kwenye kurasa mbili ukiweza. Ukurasa wa kwanza ni mkokoteni peke yake, na mzigo wake wa mahindi, tuseme jumla kilo 400. Punda anauvuta mbele kwa newtoni 300. Msuguano wa magurudumu na barabara unaurudisha nyuma kwa newtoni 200. Zinabaki 100 mbele. Gawanya kwa 400, mchapuko ni mita 0.25 kwa sekunde mraba.

Ukurasa wa pili ni punda peke yake, kilo 160. Mkokoteni unamvuta nyuma kwa newtoni 300, zilezile. Nani anamsukuma mbele? Ardhi! Punda anaisukuma ardhi nyuma kwa kwato, ardhi inamsukuma yeye mbele. Ili naye aende kwa mchapuko wa 0.25, anahitaji zibaki newtoni 40 (160 mara 0.25), kwa hiyo ardhi lazima imsukume kwa newtoni 340. Wakati wa masika umeona punda akihangaika kwenye tope: nguvu anazo, ila tope linateleza chini ya kwato na haliwezi kumrudishia zile 340.

Hakiki mwenyewe kwa kuwachukua wote wawili kama kitu kimoja cha kilo 560. Ardhi inasukuma 340 mbele, msuguano 200 nyuma, zinabaki 140. Gawanya. Ikitoka 0.25, ujue picha zako ziko sawa.

Kwa nini (x + 3)² si x² + 9? Mimi naona nimeweka mraba kwa kila kimoja. – Kidato cha pili, Mtwara

Weka namba mahali pa x. Ikiwa x ni 10, (10 + 3)² ni 13 mara 13, yaani 169. Njia yako inatoa 109. Zimepotea 60. Chora kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 13, kisha kila upande uugawe kwenye 10 na 3 kwa mstari. Utapata vipande vinne: mraba mkubwa wa 100, mraba mdogo wa 9, na mistatili miwili ya 10 kwa 3. Hiyo mistatili ndiyo 60 yako. Kwa hiyo x² + 6x + 9. Kila ukiwa na shaka na aljebra, weka namba ndogo ujaribu pande zote mbili. Hata chumba cha mtihani kinakuruhusu.

Mimi ni fundi umeme wa mtaani, nina umri wa miaka 34, najiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vikinzani viwili, ohmu 6 na ohmu 3, vimeunganishwa sambamba kwenye volti 12. Nimepata ukinzani wa jumla 0.5. Kitabu kinasema 2. Na hata hiyo 2 sielewi: inakuwaje viwili vikiwa pamoja vizuie umeme kidogo kuliko kimoja? – Mwanza

Hongera, ndugu yangu, kwa kurudi kwenye daftari. Umebeba mambo mawili. Tuanze na la pili, kwa sababu hilo unalijua tayari kwa mikono yako.

Sahau fomula kidogo. Kila kikinzani kimeungwa moja kwa moja kwenye volti 12. Cha ohmu 6 kinapitisha ampea 2. Cha ohmu 3 kinapitisha ampea 4, wala hakijali kama mwenzake yupo. Chanzo cha umeme kinatoa zote mbili, ampea 6. Sasa, kikinzani kimoja ambacho kwenye volti 12 kingepitisha ampea 6 ni cha ohmu ngapi? 12 kugawanya kwa 6, ni 2. Umeongeza kikinzani, lakini umeongeza pia njia ya mkondo kupita. Nyumbani kwa wateja wako ni hivyohivyo: pasi, jokofu na birika vimeungwa sambamba, na kila unapochomeka kimoja zaidi, mkondo wa jumla unaongezeka na uniti za LUKU zinakwenda mbio. Kama kuunganisha sambamba kungeongeza ukinzani, zingepungua kasi.

Sasa ile 0.5. Uliandika 1/6 + 1/3 = 1/2, na hapo uko sahihi kabisa. Lakini ulichokipata ni moja gawanya kwa ukinzani, bado si ukinzani wenyewe. Geuza sehemu hiyo juu chini, iwe 2. Wanaosahau kugeuza ni wengi mno. Kinga yake ni hii: kwenye muunganisho wa sambamba, jibu lazima liwe dogo kuliko kikinzani kidogo kuliko vyote, ila usiliamini kwa hilo tu, maana hata 0.5 ni ndogo kuliko 3. Rudi kwenye mkondo. Kwa ohmu 0.5, volti 12 zingetoa ampea 24, na wewe umeshahesabu kwamba ni 6. Fundi haachi kazi bila kupima. Usiache swali bila kupima.

Mwalimu, nikiuliza swali darasani wenzangu wananicheka, nimeacha kuuliza. Mtihani uliopita fizikia nilipata 18. Mwakani nikiingia kidato cha tatu nafikiri niiache, nichukue masomo mengine. Ila nikiwa peke yangu naipenda. – Msichana wa kidato cha pili, Singida

Binti yangu, sentensi yako ya mwisho ndiyo imenifanya niiweke barua hii hapa.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwepo mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba. Wavulana pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye jokofu. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake aliweka maziwa ambayo hakuyachemsha, na Mpemba, akihofia kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baadaye akakuta ya kwake yameganda, ya mwenzake bado ni majimaji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani.

Angeweza kunyamaza hapo. Lakini alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia huwa anaweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu zaidi, wakafundishwa namna vitu vinavyopoa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima. Ikawa msemo darasani. Mtu akikosea hesabu, wanasema ni hesabu ya Mpemba. Unaona kwamba kicheko unachokijua wewe, yeye alikijua sana.

Sasa tazama alichofanya, maana hapo ndipo ninapotaka uige. Aliingia maabara ya biolojia, akachukua bika mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye jokofu akatazama. Dkt. Denis Osborne alipokuja kuzungumza nao kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba hakuuliza "mbona aiskrimu yangu iliganda?" Aliuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kilekile, kimoja kwenye nyuzi 35 na kingine kwenye nyuzi 100, ukaviweka kwenye jokofu, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa na vipimo, na angeweza kurudi Dar es Salaam akalijaribu. Akalijaribu. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Watafiti wanabishana hadi leo. Wengine wanataja maji yanayopotea kwa mvuke, wengine mizunguko ya maji ndani ya chombo, wengine gesi zilizoyeyuka, na wapo waliopima kwa uangalifu wasilione kabisa. Swali la mwanafunzi wa Lushoto bado linawapa kazi.

Kwa hiyo, wiki hii fanya hivi. Swali lako la darasani liandike kwenye karatasi kabla ya kipindi: ulichosoma, ulichojaribu, mstari uliokwamia. Kama kuuliza mbele ya wote kunakutia hofu, mfuate mwalimu baada ya kipindi na karatasi hiyo mkononi. Mwalimu aliyechoka anaweza kumpita anayesema "sijaelewa", ila ni vigumu kumpita anayesema "mpaka mstari huu nipo, hapa nimepotea". Ukipata jibu, mweleze msichana mwingine mmoja. Na ule mtihani wa 18 nitumie, na majibu yako yote, hata yale unayoyaonea aibu. Nataka kuona hizo alama 82 zilikwenda wapi kabla hujaamua kuacha. Nadhani utakuta nyingi zimepotelea kwenye vizio na kubadili sentimita kuwa mita, mambo ya majuma machache tu. Usijaze fomu ya kuchagua masomo kabla hatujaupitia.

Naomba majibu ya maswali haya kumi, tunakusanya Ijumaa. – Kidato cha tatu, Tabora

Nimeyasoma yote kumi. Tufanye moja, la nne: jiwe linaachiwa mdomoni mwa kisima kikavu na kufika chini baada ya sekunde 3, kina chake ni kiasi gani?

Chora kisima. Weka jiwe juu, andika mwendo wake pale linapoachiwa. Limeachiwa, halikurushwa, kwa hiyo unaujua. Kila sekunde mwendo unaongezeka kwa mita 10 kwa sekunde. Andika mwendo wake linapogusa chini. Sasa tafuta wastani wa hizo mbili. Hapa, tofauti na basi la Morogoro, unaruhusiwa kujumlisha na kugawa kwa mbili, kwa sababu mwendo unaongezeka sawasawa kwa muda wote. Wastani huo uzidishe kwa sekunde 3.

Niandikie ulichopata, pamoja na mchoro. Hayo mengine tisa chagua moja ulilokwama zaidi, nionyeshe mistari yako ya kwanza, nami nitaanzia hapo.